Majivu Kizingitini

Majivu yalikuwa bado yana uvuguvugu. Ghamdan alilijua hilo kwa kuwa theluji iliyokuwa chini yake ilikuwa imetoboka vitundu vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Alisimama mlangoni, mguu mmoja kiatuni, mwingine ukining'inia hewani, akayatazama. Hayakumwagika ovyo. Yalianzia kizingitini pake, yakashuka ngazi zote tatu za mawe, yakaishia pale njia ya uani inapoanza. Uani hapo hapakuwa na mlango mwingine wa jengo. Wenzake wote walipita mlango mkuu wa upande wa barabarani, ambako manispaa humwaga chumvi. Huku nyuma ulikuwa wake peke yake. Aliyefanya kazi hii, basi, alikuwa na mtu wake.

Aliruka. Hakukanyaga hata ngazi moja. Alitua kwenye theluji hadi magotini, akainuka akijipapasa, akaenda chuoni huku sehemu moja ya roho yake imebaki pale mlangoni.

Hiyo ilikuwa siku yake ya nne Erzurum, na siku tatu zilizotangulia hazikuwa zimemwachia akiba ya ujasiri. Mtu aliyezaliwa Zabid, ambako kuku hutafuta kivuli tangu saa mbili asubuhi, akitupwa ghafla katika mwezi wa pili wa mji ule, haoni baridi. Anaona kitu chenye nia. Siku ya kwanza pua yake ilishikana kwa ndani. Pumzi ikamtoka na kusimama mbele yake, nyeupe, kama kitu kilichoamua kumhama. Siku ya pili mkuki wa barafu wenye urefu wa mtu uliporomoka kutoka paa la duka la dawa, ukapasuka hatua mbili mbele ya miguu yake, na mwanamke aliyekuwa akipita na kikapu cha vitunguu akauzunguka bila kukatiza mazungumzo yake ya simu. Siku ya tatu jua lilizama saa kumi na moja na nusu, nao wenyeji wakaendelea na shughuli zao kana kwamba hawakuibiwa kitu.

Akajifunza kutembea kama mzee: magoti yamelegea, macho chini. Darasani, katika skuli ya udaktari wa mifugo, alikaa karibu na bomba la joto na kujibu maswali kwa Kituruki cha vitabuni alichofundishwa kwao kwa miaka miwili, Kituruki kilichopigwa pasi hadi wenzake wakawa wanamtazama mdomo badala ya kumsikiliza.

"Ndugu yangu," Serhat, kijana aliyekaa naye dawati moja, alimwambia siku hiyo ya majivu, "wewe ukiomba kalamu naona kama unasoma hati ya mkataba. Kwako kukoje? Majirani wema?"

Ghamdan alifungua kinywa. Swali lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi: kwenu, mtu akimwagiwa majivu mlangoni, maana yake nini? Neno moja tu, na mambo yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini Serhat alikuwa tayari anatabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri kichekesho kingine cha mgeni, na Ghamdan alikuwa amechoka kuwa kichekesho.

"Wema," alisema.

Jioni alimpigia mama yake.

"Usikanyage," mama alisema kabla hajamaliza. "Umekanyaga?"

"Niliruka, mama. Huenda ni taka tu."

"Taka zinajua mlango? Taka zinashuka ngazi moja moja? Shangazi yako Taqiya naye alisema ni taka. Alikaa ndoani siku ngapi baada ya hapo?"

"Arobaini."

"Thelathini na nane. Sasa nisikilize. Chemsha maji. Yasomee Ayatul Kursi mara saba, uyamwage kuanzia mlangoni kwenda nje. Kwenda nje, Ghamdan, si kuja ndani. Wala usimwambie mtu. Aliyekutegea akijua umeshtuka, atazidisha."

Asubuhi yake majivu yalikuwapo tena. Ghamdan alichemsha birika, akasoma, akapuliza, akamwaga. Mvuke ulipanda ukamfunika uso. Majivu yakaondoka na maji, meusi, yakikimbia kama wezi. Aliporudi adhuhuri ngazi zilikuwa zinang'aa. Zilimeta kama marumaru ya msikiti baada ya kuoshwa, akaona ndani ya mng'ao ule jibu la dua yake. Alipanda kwa kushikilia chuma cha pembeni, akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu afike.

Asubuhi ya tatu majivu yakarudi, mengi kuliko jana.

Safari hii alikuwa ameamka mapema, akajibanza nyuma ya pazia. Nuru ilikuwa ndiyo kwanza inapambazuka juu ya milima ya Palandöken. Upande wa pili wa ua kulikuwa na kijumba cha mawe, mabaki ya zama za kabla ya maghorofa, chenye bomba la moshi lililopinda. Mlango wake ulifunguka. Akatoka kitu kilichofunikwa shuka ya sufu ya rangi ya udongo toka utosini hadi miguuni, kimeinama, kimebeba ndoo. Kilikuja moja kwa moja kwenye ngazi zake. Kilijichotea kwa kikopo, kikanyunyiza, kikanong'ona. Kikanyunyiza, kikanong'ona. Kilipomaliza kiliinua uso, uso wa bibi kizee wenye macho mepesi yasiyo na rangi, ukatazama dirisha lake kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu waliomo.

Ghamdan aliketi sakafuni, mgongo ukutani. Meno yaligongana, na haikuwa baridi. Alijisemea kwamba yeye ni msomi, kwamba mwaka wa nne atapasua ng'ombe na kumshona. Usomi wake haukumjibu. Hofu ina adabu zake: huja kwanza kama mgeni wa chai, kisha unagundua imeshapanga viatu vyake mlangoni.

Alisubiri mpaka mlango wa kijumba ukafungwa. Kisha hakuchemsha birika. Alijaza ndoo nzima. Akaisomea yote, akaimwaga kwa nguvu, ngazi zote tatu na njia iliyo mbele yake, mpaka hapakubaki hata chembe ya kijivu. Alipitia dirishani ili asikanyage, akaenda chuoni.

Alirudi saa tisa. Ua ulikuwa umejaa watu.

Jengo lile lilikuwa na familia kumi na moja, na mtu angeapa kwamba zote zimeteremka, pamoja na watu wa jengo jirani ambao hakuna aliyewaita na hakuna aliyewashangaa. Wanawake walikuwa wametupia makoti juu ya nguo za jikoni. Mmoja alikuwa na mwiko bado mkononi.

"Nyonga," mwenye mwiko alikuwa akisema. "Nimesikia mlio wake mimi, niko ghorofa ya tatu, dirisha limefungwa."

"Dirisha limefungwa ukasikia nyonga?"

"Nilikuwa nimelifungua kidogo."

"Kidogo tu, ili ujirani usipoe."

Chini ya ngazi zake ilikuwa imelala ndoo. Majivu yalikuwa yamemwagika pembeni, rundo moja, na juu ya barafu kulikuwa na alama ndefu ya kisigino iliyokwenda na isiyorudi.

Rustem, mtunza jengo, alisimama katikati na koleo lake, kichwa wazi. Ndiye aliyelisha makaa tanuri la chini ya jengo, ndiye aliyempelekea kila mtu mkate wa asubuhi mlangoni, naye na mkewe na mabinti wawili waliishi katika vyumba viwili vya chini, vilivyokuja pamoja na kazi. Mbele yake alikuwa Bwana Jevat, karani wa reli mstaafu, mwenyekiti wa jengo, mwenye masharubu yaliyozoea kusikilizwa.

"Jana Bibi Gulizar wa kijumba kile alikwambia nini?" Bwana Jevat aliuliza.

"Kwamba bomba langu linavuja hapa."

"Ukafanya nini?"

"Nikalitazama. Halivuji. Wallahi, Bwana Jevat, nimelipapasa lote kama tumbo la ng'ombe. Ni kavu."

"Kavu. Na hii?" Alipiga barafu kwa fimbo, ikalia kama kioo. "Imeanguka mbinguni?"

"Maji haya mtu kayamwaga."

"Nani? Huyu?" Mwenye mwiko alimwonyesha Ghamdan kwa kidevu, na watu wakageuka. "Huyu anayejifunga mablanketi mawili kwenda chooni, ndiye atoke alfajiri achezee maji?"

Walicheka. Walicheka bila ubaya, kwa uchovu, kama watu wanavyocheka msibani ili wapate nguvu ya kuendelea. Ghamdan aliinamisha macho kwenye ile barafu.

Ndipo Nazife, mke wa Rustem, aliyekuwa amesimama kando akifuta macho kwa ncha ya mtandio, alipomwendea. "Hukujua, eh?" alisema. "Ungejuaje. Kila alfajiri alikuwa anakuletea majivu ya jiko lake, anakutilia kwenye ngazi, usiteleze. Nilimwambia: bibi, una miaka themanini, mwachie Rustem. Akasema: Rustem ana jengo zima, huyu ni mtoto wa jua, mama yake yuko mbali, hajui barafu. Anamwaga huku anasema bismillahi kila ngazi. Leo kaangalia dirishani, kaona pametakata, akasema upepo umeyapeperusha. Akarudi na ndoo ya pili."

Ghamdan hakumbuki alimjibu nini. Anakumbuka kwamba ngazi zile alizipanda kwa mikono na magoti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka.

*

Mji ule una kawaida ya kujua. Kufikia Ijumaa jioni kila nyumba ilikuwa na habari zake: kwamba nyonga imefungwa chuma, kwamba Orhan, mtoto wa bibi, anakuja Jumapili kutoka Istanbul, kwamba ameapa kwenye simu, mbele ya mashahidi, kumfikisha mahakamani yeyote aliyehusika, hata awe nani, kwamba Bwana Jevat ameitisha kikao Jumapili mchana, na kikao hicho ni cha kumwondoa Rustem. Mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili, kwa Erzurum, si mwezi wa kumtoa mtu nje na mabinti. Watu walilisema hilo kwa huruma kubwa, wakaendelea kulisema, na huruma haikumzuia mtu.

Ghamdan hakwenda chuoni. Barua ya ufadhili wake ilikuwa mezani, na kifungu cha tisa alikisoma mpaka maneno yakapoteza sura: mwanafunzi atakayepatikana na kosa la jinai atarejeshwa kwao. Aliona uwanja wa ndege wa kwao. Aliona baba yake, aliyeuza ngamia wawili na duka la mikeka, akiwa amesimama kumpokea bila kuuliza kitu. Na kutouliza kwake ndiko kulikomtisha zaidi. Alijiambia hakukusudia. Alijiambia hakuna aliyeona. Alijiambia Rustem ni mtu wa hapa, atapata pa kuegemea. Mgeni akianguka hana hata ukuta wa kushika. Kila hoja ilikuwa nzuri, na kila moja ilidumu mpaka alfajiri, mlango ulipobishwa na Rustem akasimama pale, ndevu zimeganda umande, mkate mkononi.

"Shika, Mwarabu. Jana hukula, nimeukuta umekauka dirishani. Unakonda, wewe. Ukipeperuka na upepo nitamwambia nini mama yako?"

"Kaka Rustem..."

"Nini?"

Mkate ulikuwa wa moto, umefungwa gazetini. "Umelala?" Ghamdan aliuliza, na akajichukia kwa kuuliza hilo.

Rustem alitazama pembeni. "Nalala vipi. Nimelitazama bomba lile tena usiku na taa. Nimeanza kujishuku mwenyewe. Mtu akiambiwa mara nyingi kwamba ndiye, mwishowe anaanza kutafuta alifanyaje." Akacheka kidogo, akainua kapu lake la mikate. "Kula."

Ghamdan aliufunga mlango. Hofu aliyoijua mpaka siku ile ilikuwa hofu ya kutendewa: baridi imfanye, kizee amfanye, mahakama imfanye. Sasa, akiwa ameshika mkate unaomchoma viganja, ilimjia hofu nyingine asiyokuwa na jina lake, ya kwamba angeweza kukaa kimya, na akazoea, na akaishi miaka mitano akipokea mkate mlangoni kutoka kwa mtu mwingine atakayekuja baada ya Rustem.

*

Nyumbani kwa Bwana Jevat viatu vilikuwa vimejaa hadi kwenye ngazi. Ndani kulikuwa na joto la kumchemsha mtu, na birika mbili za chai, na ile sauti ya vipande vya sukari ngumu vikivunjwa kwa meno, maana huko sukari haikorogwi. Hung'atwa, na chai ikapita juu yake. Walikuwa tayari katikati ya mambo.

"Mimi simchukii Rustem," mtu mmoja alikuwa akisema.

"Hakuna anayemchukia. Ndiyo maana tumekaa hapa tunamfukuza kwa chai."

"Nyamaza wewe, Sabiha, humwachi mtu amalize."

Ghamdan aliposimama mlangoni mazungumzo yalikatika. Wapangaji wa chumba cha nyuma hawakuitwa vikaoni.

"Karibu, mwanangu," Bwana Jevat alisema kwa mshangao. "Una shida? Bomba lako limeganda?"

Rustem alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, kofia magotini. Alisogea ampishe. Hilo ndilo lililommaliza Ghamdan: kule kusogea.

"Maji niliyamwaga mimi," alisema.

Kituruki chake chote kilichopigwa pasi kikamkimbia. Alibakiwa na maneno ya mtoto. "Mara mbili. Mimi. Bomba halivuji."

Sabiha, yule mwenye mwiko, aliitua bilauri yake. "Ulikuwa unaosha ngazi? Kwenye baridi hii?"

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo. Kosa la mgeni, ujinga wa mtu wa joto. Wangesikitika, wangetikisa vichwa. Aliona mlango ule wa pili ukiwa wazi mbele yake, mwepesi, wenye zulia.

"Hapana," alisema. "Nilidhani majivu ni sihiri. Kwetu mtu akitaka kukuangamiza humwaga kitu mlangoni. Nilimwona bibi anamwaga na kunong'ona. Nilidhani..." Neno la Kituruki la mchawi alilijua vizuri, lilikuwa katika somo la hadithi za watoto. Lilitoka dogo sana. "Nilisoma dua, nikaosha."

Hakuna sukari iliyovunjika. Mtu mmoja nyuma alicheka pumzi moja, akaimeza. Nazife alijifunika mdomo. Rustem alikuwa anamtazama kwa macho ambayo Ghamdan hakuweza kuyasoma: nafuu ilikuwamo, na kitu kingine kisichokuwa nafuu.

"Siku mbili," Rustem alisema taratibu. "Nimekuletea mkate siku mbili."

"Ndiyo, kaka."

"Ukanitazama."

"Ndiyo."

Rustem aliinuka, akavaa kofia yake. Bwana Jevat alishika masharubu, akayaachia. "Kikao kimekwisha," alisema. "Kuhusu Rustem, kimekwisha. Kuhusu huyu, sisi hatuna la kusamehe wala la kuhukumu. Hakutuvunja sisi nyonga. Mwenyewe yuko hospitali. Na mwanawe ameshatua saa saba. Hatutampelekea habari sisi. Utampelekea wewe."

"Sasa hivi?" aliuliza Ghamdan.

"Unataka kuisomea dua kwanza?" alisema Sabiha, na watu wakamzomea, lakini si kwa sauti kubwa.

Rustem alikwenda naye. Hakusema kwa nini. Alitembea mbele, hatua moja, upande ule ambao mapaa yalining'iniza barafu, na Ghamdan akamfuata huku akitazama visigino vyake. Kwenye mlango wa wodi Rustem alisimama, akaegemea ukuta. "Mimi niko hapa," alisema. Haikueleweka kama ni faraja au ulinzi wa mfungwa.

Bibi Gulizar bila shuka yake alikuwa mtu mdogo ajabu, kama punje ndani ya ganda lililoondolewa. Alimtambua mara moja. Ghamdan alipiga magoti pembeni ya kitanda, akasema yote, kwa mpangilio mbovu, pamoja na lile neno. Bibi alisikiliza akitazama dari.

"Mimi," bibi alisema hatimaye. "Mchawi." Akalionja neno, kama anayeonja chumvi ya mchuzi wa mtu mwingine. Pembe ya mdomo wake ilitikisika; haikuwezekana kujua inaelekea wapi, kwa kuwa mlango ulifunguka.

Aliyeingia alikuwa mwanamume mnene mwenye koti la mjini na macho mekundu ya safari, mkononi kikombe cha karatasi chenye chai. Aliona kijana aliyepiga magoti.

"Huyu nani, mama?"

Ghamdan alisubiri. Bibi Gulizar aligeuza uso polepole kumtazama mwanawe, kisha kijana, kisha mwanawe.

"Jirani yangu," alisema. "Ana neno anataka kukwambia, Orhan. Mletee kiti."

Orhan alikivuta kiti kutoka kitanda cha pili. Ghamdan akainuka, akaketi kwenye ukingo wake, akaweka mikono magotini ili isionekane, ikaonekana. Ilikuwa inatetemeka mpaka viwiko. Orhan aliitazama. Akadhani ni baridi. Akamwekea mkononi chai yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameionja, akamfungia vidole juu yake kwa vidole vyake vinene.

"Kunywa kwanza," alisema. "Halafu useme."